Sifuri za Jumamosi Tatu

Mwezi uliopita nilikuwa naanika nguo uani, kwenye nyumba ninayopanga hapa Ruangwa, nikaumwa shingoni. Kamba ya kuanikia nimeifunga kwenye mkorosho wa jirani, na wanaoishi juu ya mkorosho ule hawajui ujirani mwema. Nilimponda yule mdudu kwa vidole kabla sijafikiri, na harufu yake ikanipanda puani: ukali wa limau, na nyuma yake kitu kama siki iliyokaa sana kwenye chupa. Nikasimama pale na kanga inayochuruzika maji, nikacheka peke yangu. Jirani alichungulia dirishani akauliza kama mimi ni mzima. Nikamwambia nimemkumbuka baba.

Wadudu hao kwetu tunawaita maji moto. Ni sisimizi wakubwa wa rangi ya kahawia wanaoishi juu ya miti. Hushona majani mabichi kwa utando mweupe mpaka yanakuwa mfuko, wakalala humo, na akikuuma mmoja huhitaji kuelezwa kwa nini wakapewa jina hilo. Ruponda nilikokulia kila mtu aliwachukia. Wapogoaji wa mikorosho waliwachukia, na sisi watoto tuliopanda kutafuta mabibo tuliwachukia kuliko mwalimu wa zamu. Kijiji kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyewapenda, naye alikuwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Alitoka Nkowe akaja kuoa Ruponda, na kwa desturi ya kwetu mwanamume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Kwa hiyo mikorosho tuliyoitunza ilikuwa ya ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo alikuwa kaka yake mkubwa, Mjomba Athumani. Baba angeweza kupalilia, kupogoa na kupuliza salfa mpaka mgongo upinde, lakini neno la mwisho juu ya miti ile lilikuwa la mjomba. Hakuna aliyeona ubaya katika jambo hilo, baba mwenyewe akiwemo, mpaka walipokuja kutofautiana kuhusu maji moto.

Ilianza na kutazama tu. Baba aliona kwamba mikorosho yenye viota vya maji moto haiungui ncha. Kuna mdudu tunayemwita mbu wa mikorosho. Yeye hafyonzi damu ya mtu, hufyonza machipukizi, na chipukizi alilolipitia hujikunja likawa jeusi kama lililokaribia moto. Watu walipambana naye kwa dawa ya maji, na dawa ile iliua kila chenye miguu sita. Baba alisema tunawaua walinzi wetu wenyewe. Alisema maji moto humla yule mbu au humfukuza, hajajua bado, lakini kwenye mti wao mbu hana raha.

Watu walicheka. Walimpa jina la Profesa, na jina hilo halikuwa heshima. Mtu angemletea baiskeli yenye pancha na kumuuliza, mbele ya wenzake, utafiti unasemaje kuhusu tairi hili. Baba alicheka nao. Mama, ambaye hakupitwa na kitu, alikuwa akisema mume wangu anacheka na meno tu, macho hayamo.

Basi akanunua kaunta buku lenye jalada gumu. Akachagua mikorosho kumi yenye maji moto na kumi isiyo nao, akaipaka namba kwa rangi ya fremu za baiskeli, na kila wiki akahesabu machipukizi ishirini kwa kila mti: mangapi mazima, mangapi yameungua. Miti ya maji moto aliiunganisha kwa mikanda aliyoikata kwenye tyubu kuukuu, ili wadudu wake watembeleane juu kwa juu bila kushuka ardhini, ambako sisimizi weusi waliwavizia na kuwaua. Ukipita shambani kwetu ungeona mipira myeusi imetandwa kutoka mti hadi mti, na juu yake wadudu wanakwenda na kurudi kutwa nzima. Mimi niliona aibu. Nilikuwa darasa la sita, umri ambao mtu huomba Mungu wazazi wake wafanane na wa wengine.

Baba aliandika barua kwenye ofisi moja mjini Nachingwea. Wakamtaka apitie kwa mtendaji. Akapitia kwa mtendaji. Wakampa fomu, na fomu ikauliza kiwango cha elimu. Akajaza: Darasa la saba, bado naendelea. Kijana wa mapokezi aliwasomea wenzake mstari ule kwa sauti, nao wakafurahi sana. Najua kwa sababu nilikuwepo. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na baba alinipakia nyuma ya baiskeli kutoka Ruponda ili nishike ndoo.

Ndani ya ndoo kulikuwa na kiota kizima cha maji moto. Baba aliamini kwamba wakubwa wakiwaona kwa macho watamsikiliza. Ndoo ilikuwa na kifuniko imara, lakini baba alikitoboa kwa msumari, maana alisema viumbe lazima wapumue. Nadhani mnaona tunakoelekea. Nilipoitua ile ndoo kwenye kona ya chumba cha kusubiria, ilibaki kimya kwa muda wa kumsubiri mtu mmoja ahudumiwe. Kisha mzee mmoja mwenye suti akapanda juu ya kiti, na hakukuwa na mtu aliyemuuliza kwa nini, kwa sababu na wengine walikuwa wanatafuta viti vyao.

Tulifagiliwa nje, na hapo sisemi kwa mfano, ufagio ulikuwepo. Lakini kati ya wageni waliokuwa wakisubiri alikuwepo mama mmoja mwenye miwani na mafaili magotini. Aliumwa kwenye kifundo cha mguu. Hakupiga kelele. Aliinama, akamponda mdudu, akanusa vidole vyake, akamfuata baba mpaka uani na kumuuliza, "Hawa umewatoa kwenye mti gani, kaka?" Baba alisema baadaye kwamba tangu azaliwe watu walikuwa wanampa ushauri, na yule ndiye wa kwanza kumpa swali.

Mama yule alikuwa mtafiti wa kituo cha mambo ya korosho, amekuja kwa shughuli zake nyingine. Alilifunua daftari la hesabu la baba palepale, kwenye jua, kurasa mbili tatu. Hakusema kama ni zuri au baya. Alisema atapita Ruponda kabla maua ya mikorosho hayajakwisha, na mpaka siku hiyo baba asiache kuhesabu.

Tuliporudi, habari za ndoo zilikuwa zimetutangulia. Mjomba Athumani akaitisha kikao cha ukoo. Nisimsingizie, mjomba hakuwa mtu mbaya. Msimu uliotangulia mikorosho ilizaa vibaya, na watoto wa dada zake waliokuwa sekondari wote walimtazama yeye kwa ada. Alimwacha baba aeleze mpaka mwisho, kisha akasema taratibu.

"Shemeji, nimekuvumilia kwa sababu unafanya kazi. Lakini miti hii si yangu wala si yako, ni ya ukoo. Huyo mtaalamu wako akija akasema una haki, mimi nanyamaza. Asipokuja, au akisema vingine, vijana wa bomba watapuliza shamba lote, na hiyo mipira yako inashuka."

Baba alijibu, "Nimekubali, shemeji." Mkwe angesema nini zaidi?

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu iliishi kwa kusubiri. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya baba asimame na spana mkononi. Alikonda. Mama alimtania kwamba hata yeye hakusubiriwa hivyo alipokuwa mchumba, lakini nilimwona akimwekea kipande kikubwa cha muhogo na kukaa kando kuhakikisha anakila. Dawa ikipulizwa, maji moto wote wangekufa kwa siku moja, na baba angebaki fundi baiskeli aliyeaibisha wakwe zake. Hilo nililijua hata kwa akili za darasa la sita.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, ambayo kwa miaka mingi sikumsimulia mtu. Jumamosi ilikuwa siku ya gulio, siku yenye baiskeli nyingi kuliko zote, na baba hakuweza kuondoka kwenye kijiwe chake. Akanikabidhi kaunta buku. Alisema nina macho mazuri na mwandiko wa kusomeka. Nilihesabu vizuri, wallahi, wiki mbili za kwanza. Ili uhesabu machipukizi ya mti wa maji moto lazima uvute tawi, na ukivuta tawi wanashuka, wanaingia shingoni, kwapani, kwenye nywele. Wiki ya pili waliniuma kope ya jicho la kushoto, nikaenda shule Jumatatu na jicho limefumba kabisa. Wenzangu walisema Profesa sasa anafanyia majaribio mtoto wake.

Jumamosi ya tatu rafiki yangu Zuhura alinifuata shambani na mpira wa rede aliousokota kwa soksi. Nilimwambia anisubiri kidogo. Nikakaa ukingoni mwa mbaazi, mbali na mti wowote, nikafungua daftari magotini na kuandika. Miti isiyo na maji moto nilinakili hesabu za wiki iliyopita, nikiongeza moja hapa na kupunguza moja kule. Miti ya maji moto niliiandikia sifuri. Mti wa kwanza sifuri, wa pili sifuri, mpaka wa kumi. Hakuna chipukizi hata moja lililoungua.

Nisiwafiche: nusu ilikuwa uvivu na nusu ilikuwa mapenzi. Nilitaka kucheza rede, lakini pia nilitaka baba ashinde. Niliona kwamba kama sifuri ni namba nzuri kwake, basi nimpe nyingi. Jioni sikuulizwa kitu. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikafanya vilevile, na iliyofuata tena.

Mtafiti alikuja siku ya Jumatano, mwezi wa nane, kwa gari dogo lililojaa vumbi mpaka kwenye vioo. Mjomba Athumani alifika amevaa kanzu na koti. Majirani walikuja pia, wakisema wanapita tu, na wakaketi. Mama alitandika mkeka, akaleta chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, na baba akaweka daftari mbele ya mgeni kwa mikono miwili.

Alisoma kwa utulivu, ukurasa baada ya ukurasa, huku akiandika kitu kidogo kwenye karatasi yake. Nilimtazama kidole. Kilikwenda, kilikwenda, kikasimama. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele, akasimama tena palepale.

"Hapa alihesabu nani?" akauliza.

"Binti yangu huyu," baba akajibu, na kwa sauti yake alikuwa ananijivunia.

Yule mama alivua miwani. "Kaka, hapa kuna wiki tatu ambazo miti kumi haina hata chipukizi moja lililoungua. Sisi kule kituoni tuliwahi kuwafuga hawa hawa maji moto, kwenye mikorosho hii hii. Hatujawahi kupata sifuri kwenye miti yote, hata wiki moja."

Kila mtu alikuwa amesikia la kwake. Mjomba alisikia kwamba daftari ni la uongo; nilimwona akiweka kikombe chini. Mama alisikia kwamba jambo la mumewe lilikwishajulikana na watu wengine, akaweka mkono mdomoni. Mimi nilisikia sifuri tu. Baba alisikia nini sikujua. Alikuwa anautazama mkeka.

Mama alipenda kusema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imeishia hapo, mbele ya mgeni, mjomba na nusu ya kijiji. Nilisema, "Sikuhesabu. Niliandika tu. Zile mbili za mwanzo nilihesabu, hizo tatu niliandika tu." Kisha nikalia kwa sauti, kama mtoto mdogo.

Nilingoja kofi. Baba hakunitazama. Alinyoosha mkono, akaomba kalamu ya mgeni, akavuta daftari kwake na kuzipiga mstari kurasa zile tatu, kuanzia kona ya juu mpaka kona ya chini. Pembeni ya kila mmoja akaandika: Haikuhesabiwa. Akalirudisha.

"Hizo zitoe," alisema. "Sasa soma zilizobaki."

Mgeni akasoma zilizobaki. Alikokotoa kwenye simu yake kwa muda ambao chai ilipoa. Kisha akaondoka mkekani, akaenda kwenye miti, na sote tukamfuata. Alivuta matawi mwenyewe, akaumwa mwenyewe, akahesabu machipukizi ishirini kwenye mti namba mbili, ishirini kwenye namba saba, akaenda na kwenye miti isiyo na maji moto. Aliporudi alikuwa anajikuna shingo, na alizungumza akimwelekea mjomba, maana alishaelezwa miti ni ya nani.

"Hesabu za shemeji yako zinafanana na zetu. Mti wenye maji moto unaungua, lakini kidogo sana. Usiopulizwa na usio na maji moto unaungua karibu nusu. Hili limeandikwa vitabuni siku nyingi, mzee wangu."

"Siku nyingi tangu lini?" baba akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

Yule mama alisita. Nadhani aliona kama tulivyoona sisi, kwamba mtu huyu amehesabu machipukizi miaka mitatu ili kugundua kitu kilichokwishagunduliwa. "Wewe ulikuwa hujazaliwa bado," akasema. "Pole, kaka. Tulipaswa kuja kuwaambia."

Nilimtazama mama, na mama alikuwa anamtazama baba kwa hofu. Baba akachuchumaa pale pale chini ya mipira yake. Akajifuta uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika, na sote tukadhani analia, mpaka alipoinua kichwa tukaona anacheka, na safari hii macho yalikuwemo.

"Basi sina wazimu," alisema. "Mke wangu, umesikia? Kuna watu wengine."

Alilirudia neno hilo kwa kila aliyekuwepo, akiwashika mikono. Kuna watu wengine. Walilijua kabla sijazaliwa. Mtu aliyeibiwa ng'ombe akampata hafurahi vile. Kabla ya kuondoka, mgeni alisimama muda mrefu akiitazama mikanda ya tyubu, akasema wao walitumia kamba na kamba ziliwaozea masika, akaipiga picha na kumuuliza baba majina yake matatu, akayaandika. Lakini hata hilo baba alilipokea kama mtu aliyekwishashiba. Mjomba Athumani aliinywa chai yake iliyopoa mpaka mwisho, akavaa viatu, akasema, "Vijana wa bomba nitawaambia wasije," na jina la Profesa sikumsikia tena akilitamka kwa kucheka.

Jumamosi iliyofuata baba alinipa tena kaunta buku. Hakunionya wala hakunikumbusha. Nilihesabu miti ishirini nikiwa nimejifunga kanga ya mama kichwani, na niliumwa vizuri. Tangu siku hiyo mpaka leo, ambapo kazi yangu ni kuhesabu vimelea vya malaria kwenye hadubini maabarani, sijawahi kuandika namba ambayo macho yangu hayakuiona. Niliamini nimefundishwa hivyo na msamaha wa baba.

Mwaka juzi nilikwenda kumsalimia. Ameacha baiskeli, mikono inamuuma, lakini hesabu za miti hajaziacha. Tulikuwa tunabangua korosho barazani, nikaona nimekuwa mtu mzima wa kutosha kuomba radhi. Nikamwambia ile siku ya mgeni, baba, zile sifuri zangu, hujawahi kuniadhibu na mimi sijawahi kukuomba msamaha.

Hakuacha kubangua.

"Nilijua tangu Jumamosi ya kwanza ya hizo sifuri," alisema. "Jumapili nilipita kwenye mti namba nne nikaona chipukizi jeusi limeninginia pale, wewe umeandika sifuri. Nikageuza uso nikaenda zangu."

Nikamuuliza kwa nini hakunisema.

"Nilizipenda, mwanangu. Shemeji alikuwa amenibana, nikaona hizi sifuri zitaniokoa. Kila siku nikawa nasema kesho nitazifuta, kesho nitazifuta. Mgeni alipoweka kidole pale, nilitaka kusema, ulimi ukagoma. Ukasema wewe."

Akanipa ile korosho aliyokuwa ameibangua. Nilikaa nayo mkononi, sikuweza kuila. Miaka yote ile nilidhani baba alinisamehe. Kumbe alikuwa ananishukuru.